Shangazi Astrida na wenzake wa kule kwenye barafu

Wiki kama tatu zilizopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye ofisi moja, sitaitaja, tumeenda kurekebisha jina. Shangazi anaitwa Astrida. Kwenye karatasi zake ameandikwa Asteria, yaani kuna mtu miaka hiyo alisikia vibaya, au alikuwa na njaa, akaandika lile analolijua, na kina Asteria huku kwetu wapo kweli, mmoja alinifundisha la tatu, ila shangazi si Asteria na hajawahi kuwa Asteria na kila akienda kufuatilia hela yoyote anaambiwa mama majina hayafanani. Sasa amechoka. Ana miaka 68, kasema hafi na jina la mtu mwingine.

Foleni ilikuwa ndefu, benchi lenyewe bovu upande mmoja, ukikaa vibaya wote mnateremkia kwa bibi wa mwisho. Tulipofika dirishani kijana wa watu, mpole kabisa, akauliza, "Bibi, hili Astrida ni jina la dini au la kabila?"

Shangazi akajibu, "La mji."

"Mji gani?"

"Astrida."

Kijana akachukua simu yake, akagugo pale pale, akakunja uso. "Bibi, mbona huo mji haupo."

"Upo. Wameubadilisha jina tu. Kama mlivyonibadilisha mimi."

Watu wa nyuma wakacheka, kijana akacheka, mi nikacheka, fomu tukapewa. Lakini njiani kwenye bodaboda nikawa nawaza, hivi kweli mji ndo ulizaa jina au jina ndo lilizaa mji? Stori ya familia naijua juu juu tu. Babu alikuwa fundi mwashi wa huku Ngara, akavuka kufuata kazi za majengo ya mapadri upande wa Rwanda enzi ya Mbelgiji, shangazi akazaliwa kule 1957, akaitwa jina la mji aliozaliwa kama watu wanavyoitana Safari na Azimio, halafu mwishoni mwa 1959 mambo yalipochafuka kule babu akabeba mke na mtoto na pima maji yake akarudi. Basi. Hakuna aliyewahi kuuliza mji wenyewe uliitwa hivo kwa sababu ya nani. Nikasema leo silali.

Jina lenyewe ni Astrid, Astrida ni hilo hilo limeongezwa a mwishoni, na ni la Skandinavia, la zamani sana, kabla hata hao watu hawajawa Wakristo. Kwa Kinorse cha kale liliandikwa Ástríðr na ni maneno mawili yamegandana: áss, maana yake mungu, mmoja wa ile miungu yao kina Odin na Thor, na fríðr, maana yake mzuri au mpendwa. Ukiunganisha unapata kitu kama mrembo wa kimungu, au anayependwa na miungu, chagua mwenyewe. Hapo nilicheka peke yangu saa sita usiku, maana padri aliyembatiza shangazi kamwagia maji mtoto mwenye Odin ndani ya jina na kila mtu akasema Amina. Ingrid naye ni dada yake jina hili, ile fríðr ya mwisho ni hiyo hiyo. Wadenmaki wa zamani walilitamka Estrid.

Sasa kuna kina Astrid wengi na sitawamaliza, nawataja walioninyima usingizi.

Wa kwanza yuko kwenye jiwe. Kaskazini ya Stockholm kuna sehemu inaitwa Täby, hapo kwenye Broby bro kuna mawe yamechongwa herufi za kiruni, yaani maandishi ya zamani ya huko, ni ya karne ya 11. Moja linasema Astrid alisimamisha mawe haya kumkumbuka mumewe Östen, aliyeelekea Jerusalem akafia Ugiriki. Imeisha, hakuna kingine, wala jiwe halisemi alilia kiasi gani. Lakini hebu lifikirie kidogo, mwanamke yuko kijijini Sweden, mume kaondoka kwenda Jerusalem, hakuna simu, hakuna barua, habari ya kifo imetembea kutoka Ugiriki huko mpaka mlangoni kwake sijui kwa miezi mingapi, na akiisikia hana hata kaburi la kufagia. Kwa hiyo akalipa mchongaji. Na tazama ujanja, jina lake mwenyewe ndo linaanza kwenye jiwe, la mume linafuata. Miaka kama 1000 sasa mvua na barafu inanyesha pale na bado tunajua nani alitoa hela.

Wa pili stori yake imeandikwa na Waisilandi zaidi ya miaka 200 baada ya tukio, kwa hiyo chumvi ipo, ila nawapa. Huyu Astrid alikuwa mke wa mfalme mdogo wa Norway aitwaye Tryggve. Mume akauawa, yeye ana mimba, akakimbia, akajifungulia kwenye kisiwa katikati ya ziwa, mtoto akaitwa Olaf. Miaka kama mitatu anajificha na mtoto, mwisho akapanda meli kumfuata kaka yake huko Urusi. Maharamia wa Estonia wakaivamia meli, wakagawana watu. Mama huku, mtoto kule. Mtoto akauzwa kwa beberu mmoja wa mbuzi, halafu akauzwa tena kwa vazi. Vazi! Baadaye sana, mfanyabiashara mmoja tajiri wa Norway, Lodin, yuko sokoni Estonia anazungukazunguka anaona mwanamke mtumwa amekonda, nguo zimechoka, anamtazama mara mbili, anamtambua. Astrid akamwomba amnunue amrudishe kwao. Lodin akasema sawa, ila nikikufikisha unaolewa na mimi. Akakubali, na masimulizi yanapita hapo haraka haraka kama vile ni jambo zuri tu limetokea, mi nikabaki nimeshika simu. Sisi tuliosoma habari za Bagamoyo na Ujiji darasani tuliachwa na picha kwamba soko la watu ni kitu kilichotupata sisi peke yetu, na hapa kuna malkia wa kizungu amesimama sokoni anapigiwa bei. Yule mtoto wa beberu la mbuzi alikuja kuwa mfalme wa Norway, Olaf Tryggvason, akatawala kuanzia 995 mpaka 1000.

Kuna na mwingine, binti wa mfalme wa Sweden aliyezaliwa na suria. Mfalme wa Norway, Olaf mwingine, yule ambaye baadaye wakamfanya mtakatifu, alikuwa amemposa dada wa halali, baba mtu akagoma, basi akapewa huyu Astrid badala yake, yaani alikuwa spea. Spea huyo huyo, mume alipouawa vitani 1030, alisimama mbele ya wakubwa wa Sweden akamtetea mtoto wa kambo, Magnus, aliyezaliwa na mwanamke mwingine, ili arudi akachukue ufalme wa Norway. Mama wa kambo anampigania mtoto asiye wake. Washairi wa enzi hizo walimtungia sifa kwa hilo na wala siwalaumu.

Na wa Denmark, Estrid, dada yake Knut Mkuu aliyetawala Denmark na Uingereza kwa mpigo. Knut inasemekana ndiye aliyeamuru shemeji yake Ulf, mume wa Estrid, auawe. Kaka kaua mume. Estrid akabaki na watoto, mmoja wao Svend akaja kuwa mfalme 1047, na hapa ndo pamenifurahisha: wakati kila mwanaume huko anaitwa fulani mtoto wa baba fulani, huyu mfalme kaingia kwenye historia kama Svend Estridsen, Svend mtoto wa Estrid. Jina la mama ndo lilikuwa na uzito, damu ya kifalme ilitoka kwake. Kwenye kanisa kuu la Roskilde kuna nguzo ambayo kwa karne nyingi watu waliambiwa humo kalazwa Estrid, karibu na mwanae. 2003 wataalamu wakapima DNA ya yule mwanamke wa kwenye nguzo na ya Svend. Hawana umama wala uwana. Yaani miaka yote watalii wanapiga picha nguzo yenye mwanamke mwingine kwa jina la Estrid. Nilipomsimulia shangazi akasema, "Unaona? Asteria huyo."

Haya, tuje karibu.

Mwaka 1926 ndo ulionikamata. Novemba 4, 1926, ikulu ya Stockholm, binti mfalme Astrid wa Sweden, hata 21 hajatimiza, anaolewa na Leopold, mrithi wa ufalme wa Ubelgiji, ndoa ya serikali, halafu wiki hiyo hiyo anapelekwa Brussels kwa ndoa ya kanisani tarehe 10. Bendi, farasi, magazeti, kila kitu. Vuli hiyo hiyo, kwenye mji huo huo wa Stockholm, kuna msichana mwingine anaitwa Astrid, miaka 18, ametoka mji mdogo wa Vimmerby mkoa wa Småland, anasoma kupiga chapa na hatimkato, na tumbo linakua. Mwenye mimba ni bosi wake wa zamani, mhariri wa gazeti la pale kwao, mtu mzima wa kuwa baba yake, na alitaka kumuoa, binti akasema hapana. Kwao maneno yalikuwa mengi hakuna pa kuweka uso. Mwanasheria mmoja mwanamke, Eva Andén, akamwelekeza Copenhagen, kwa sababu kule kwenye hospitali kuu mwanamke angeweza kujifungua bila kulazimishwa kumtaja baba wa mtoto. Na akajifungua huko. Tarehe? Desemba 4, 1926. Mwezi mmoja kamili toka harusi ya mwenzie.

Sijui kama mnaiona kama ninavyoiona. Kina Astrid wawili, wote wa Novemba, mmoja wa 1905 mwingine wa 1907, mmoja anashangiliwa na umati, mwingine anapanda treni na mimba ya siri. Na ukiniuliza nani alikuja kuwa mkubwa duniani, sasa hivi kwenye noti ya kroni 20 ya Sweden yupo yule wa treni.

Tumalizane na wa kwanza. Wabelgiji walimpenda yule mtoto wa kifalme kupita kiasi, na walikuwa na sababu zao, hakuwa na majivuno, anasukuma mwenyewe kigari cha mtoto, wanae anawaangalia mwenyewe kadiri alivyoweza. Alizaliwa Mlutheri, 1930 akawa Mkatoliki. Na mumewe walisafiri Kongo ya Wabelgiji mwaka 1932 mpaka 1933. Februari 1934 baba mkwe, mfalme Albert, alianguka kwenye majabali alikokuwa akipanda, akafa, Leopold akawa mfalme na Astrid malkia. Mwaka uliofuata uchumi umelala, watu wanakosa kazi, akatoa wito nchi nzima watu walete nguo na chakula kwa maskini, na vikaletwa. Halafu Agosti 29, 1935, wako likizo Uswisi, barabara ya kando ya ziwa la Lucerne, karibu na Küssnacht. Gari ni Packard la wazi. Anayeendesha ni mfalme mwenyewe, dereva kamweka siti ya nyuma. Malkia ana ramani mkononi. Gari likaacha barabara, likateremka mteremko, likagonga mti, malkia akarushwa nje. Miaka 29. Mtoto wa mwisho hata mwaka na nusu hajafika. Pale walijenga kikanisa kidogo cha kumkumbuka na bado kipo.

Ubelgiji ukitembea unamkuta kila kona. Antwerp ukitoka tu stesheni kuu umesimama kwenye uwanja wa Malkia Astrid. Na kwa wenzangu wa mpira, ule uwanja wa Anderlecht pale Brussels upo ndani ya bustani inayoitwa Astrid, na ndipo Mei 2019 Genk ya Samatta wetu ilipotoa sare ya 1-1 na kutawazwa mabingwa wa Ubelgiji. Ile mechi niliangalia kibandani nimesimama na soda, sikujua tuko nyumbani kwa shangazi.

Na mji sasa. Astrida ilikuwa kusini ya Rwanda, jina lilitoka kwa malkia huyo huyo Astrid, Wabelgiji waliutaka uwe mji wa wasomi, na pale mabradha (kule wanawaita mafurere) waliendesha shule moja kubwa, Groupe Scolaire, iliyochukua vijana wa Rwanda na Burundi wakafunzwe ukarani, utabibu, kilimo, mifugo. Waliomaliza pale waliitwa kwa Kifaransa Astridiens, na ukiwa Astridien basi umefika, suti, baiskeli, salamu za kuinamiwa. Sasa lazima niseme na upande mwingine maana sipendi kupamba: shule ile iliwabeba watoto wa machifu, wengi mno wakiwa Watutsi, Wahutu wakaachiwa upenyo mwembamba, na ubaguzi ule uliopangwa na mkoloni kwenye madawati ulikuja kulipiwa na watu ambao hata hawakuingia getini. Prince Rwagasore wa Burundi alisoma hapo. Alikuwa waziri mkuu 1961 na Oktoba ya mwaka huo huo wakampiga risasi.

Kwa hiyo shangazi angekuwa mwanaume angeitwa mtu wa Astrida na watu wangempisha njia. Ye alizaliwa kwenye vibanda vya mafundi nyuma ya matofali.

Baada ya uhuru wa 1962 mji ukaitwa Butare, 1963 chuo kikuu cha taifa kikafunguliwa hapo, na tangu 2006 kwenye mgawanyo mpya unaambiwa ni Huye. Ukifika leo utaona makumbusho makubwa ya mila za Rwanda, yalifunguliwa 1989, na yalitolewa kama zawadi na mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Baudouin ni nani? Ni mtoto wa Astrid. Alikuwa na miaka minne mama alipokufa. Hapo nilisimama kusoma, nikaenda kunywa maji. Sijaona popote palipoandikwa kuwa aliuwaza mji wa mama yake alipoamua, kwa hiyo sitasema aliuwaza, lakini makumbusho yapo Huye, hayapo Kigali.

Na kuna kitu kingine kuhusu mji ule, naandika kwa kifupi kwa sababu si cha kupigia stori. Wakati watu wanakumbuka malkia wa Ubelgiji, malkia halisi wa Rwanda aliishi pale pale Butare miaka na miaka, kimya, Rosalie Gicanda, mjane wa mfalme Mutara Rudahigwa aliyekufa 1959. Aprili 1994 wanajeshi walimtoa nyumbani kwake wakamuua. Mji haujawahi kuitwa kwa jina lake.

Turudi kwa yule wa treni. Mtoto wake Lars alibaki Copenhagen kwa mama mlezi karibu miaka mitatu, na Astrid yuko Stockholm anafanya kazi ofisini, mshahara mdogo, akipata vijisenti anapanda treni ya wikiendi kwenda kumwona mtoto masaa machache anarudi. Akaja kumchukua. 1931 akaolewa na bwana Sture Lindgren, na hapo sasa wote mmeshamjua, Astrid Lindgren. Binti yao Karin, 1941 anaumwa mapafu, yuko kitandani anamwambia mama nisimulie habari za Pippi Långstrump, jina kalitunga hapo hapo, na mama akaanza kusimulia. Vita vinaendelea, mchana Astrid anafanya kazi ya siri ya serikali ya kufungua na kusoma barua za watu. Machi 1944 akateleza kwenye theluji akateguka mguu, hawezi kutembea, ndo akaziandika zile hadithi. Wachapishaji wakubwa wa kwanza wakazikataa. 1945 wengine wakazitoa. Vitabu vyake vimeshatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 100.

Sasa mi nina ugomvi naye kidogo na nitausema. Pippi ni mtoto muongo muongo hivi, wa kuchekesha, na kwenye kile kitabu cha kwanza akibanwa kwa uongo wake anajitetea kwamba Kongo hakuna hata mtu mmoja anayesema kweli, wanadanganya kutwa nzima. Kongo! Ile ile aliyotembezwa mwenzie miaka kumi na kitu nyuma. Najua ni mtoto anasema, na najua kinachochekwa pale ni uongo wake mwenyewe, lakini kuna mamilioni ya watoto ambao mara ya kwanza kusikia neno Kongo ilikuwa hapo. Na baba yake Pippi alikuwa mfalme wa watu weusi kwenye visiwa vya bahari ya kusini, kwa neno ambalo leo hulisemi mbele za watu, matoleo ya Kiswidi ya 2015 yakalibadilisha akawa mfalme wa bahari ya kusini tu. Kule walibishana mpaka povu. Mi ningemuuliza yeye mwenyewe, nahisi angenijibu vizuri, maana hakuwa mtu wa kukimbia.

Angalia alichofanya 1976. Alipiga hesabu ya kodi akakuta sheria ilivyokaa, kwa mtu anayejiajiri kama yeye, kodi ya kipato cha juu inafika asilimia 102. Yaani ukiingiza mia unadaiwa mia na mbili. Hakuandika barua ya malalamiko, aliandika hadithi ya watoto, ya mwanamke anayeitwa Pomperipossa kwenye nchi ya Monismania, gazeti la Expressen likaitoa Machi. Waziri wa fedha Gunnar Sträng akamdharau bungeni, kwamba huyu mama kuandika anajua ila mambo ya kodi hayajui kabisa. Naye akajibu kwamba Sträng kumbe anajua kusimulia hadithi ila kuhesabu hajui, basi wabadilishane kazi. Na hesabu zilikuwa sahihi! Septemba chama tawala kikaangushwa kwenye uchaguzi baada ya zaidi ya miaka 40 madarakani, na yeye alikuwa mpiga kura wao wa siku zote. Sisemi hadithi moja iliangusha serikali, ila serikali ilianguka na hadithi ikiwa mezani.

La mwisho ndo nilimsomea shangazi. 1978 Wajerumani walimpa tuzo yao ya amani pale Frankfurt. Walipoona hotuba yake wakamwomba apokee tu tuzo aseme asante, asiisome. Akasema kama siisomi siji. Akaisoma. Ilihusu kupiga watoto. Alisimulia habari ya mama mmoja wa zamani, enzi ambazo fimbo ilikuwa ni malezi, ambaye siku moja mwanae mdogo alikosea akaona leo lazima nimchape, mara ya kwanza maishani, akamwambia toka nje katafute fimbo mwenyewe uniletee. Mtoto akakaa huko muda mrefu. Akarudi analia. Akasema fimbo sijaipata, ila nimekuletea jiwe, unaweza kunitupia. Mama akaona kumbe mtoto kafikiria hivi: mama anataka kuniumiza, sasa kama ni kuumiza tu, hata jiwe linafaa. Akamkumbatia wakalia wote, jiwe akaliweka kwenye shelfu la jikoni likae hapo. Mwaka uliofuata, 1979, Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kukataza kabisa kwa sheria kumpiga mtoto, hata nyumbani.

Shangazi amekulia kwenye fimbo na amelea kwenye fimbo, mimi mwenyewe nina alama moja ya mkwaju mguuni kwa hisani yake. Alikuwa anapura maharage, ungo magotini. Nilipofika kwenye jiwe mikono ilisimama. Halafu ikaendelea. Akasema, "Wewe nikikutuma fimbo ulikuwa unaleta kijiti cha fagio." Ni kweli.

Wapo wengine nimewaruka. Astrid wa Norway, aliyezaliwa 1932, mpwa wa yule malkia, mama yake alikufa 1954 akajikuta ana miaka 22 anasimama kando ya babu yake na baba yake kama mwanamke wa kwanza wa nchi, akaibeba kazi hiyo mpaka 1968. Astrid wa Ubelgiji wa 1962, mjukuu, kapewa jina la bibi asiyemjua. Astrid Kirchherr wa Hamburg, Mjerumani mwenye jina la kaskazini, aliyewapiga picha Beatles 1960 wakiwa bado vijana wa mitaani. Sweden siku ya jina hili kwenye kalenda ni Novemba 27, nimeshaiweka kwenye simu, mwaka huu shangazi atapata kitenge.

Jana fomu imekubaliwa, tumeambiwa tusubiri. Nilimpelekea habari jioni, nikamkuta na maharage yale yale, nikaona nimmalizie na ya malkia maana ya malkia nilikuwa sijamsimulia vizuri. Akasikiliza. Akauliza, "Alikufa na miaka mingapi?"

"29."

"Mtoto kabisa. Kaacha watoto?"

"Watatu. Mdogo alikuwa na mwaka na miezi miwili."

Akapepeta ungo, makapi yakaenda na upepo, kuku wakaja.

"Na hilo gari, alikuwa anaendesha nani?"

"Mumewe. Dereva alikuwepo, kamweka nyuma."

"Nilijua tu," akasema, akamfukuza kuku.